Maji ya Gari la Luhende

Mtu akileta gari kwenye gereji yangu, kabla sijafungua boneti, kabla hata salamu hazijakamilika, namuuliza, "Unatia maji ya wapi?" Wageni hudhani nimechanganyikiwa. Wenyeji wa Mpanda wameshazoea, na wengine tukikutana sokoni hunitania, "Mzee Maji ya Wapi, umeamkaje?" Nawajibu nimeamka salama, maana sipendi kuanza kueleza. Leo nitaeleza mara moja, halafu asiniulize tena mtu.

Mimi ni Krispini, Mfipa wa kule Laela, na ufundi wa magari nimeuanza nikiwa na miaka kumi na tisa. Gereji yangu iko karibu na stesheni ya reli. Ni banda la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na pikapu yangu kuukuu ambayo huwa naitengeneza mwisho baada ya magari ya watu wote. Nina sifa moja mbaya: nasema ukweli. Ukiniletea gari ulilouziwa bovu nitakwambia umeibiwa, tena mbele ya mkeo. Mdomo huu umenikimbizia wateja wengi na sijutii. Katika miaka yote hiyo nimemdanganya mteja mmoja tu, mara moja tu, naye alikuwa Luhende.

Luhende alikuwa Msukuma wa Maswa. Alihamia huku mwaka sabini na nane yeye na mkewe Hana, wakiswaga ng'ombe kwa miguu kupitia Tabora na Inyonga, miezi mitatu njiani, mtoto wao Elizabeti akiwa mgongoni kwa mama yake. Njiani walipita sehemu nyingi zenye majani mazuri na hawakukaa. Walipofika porini, mbele ya Kasokola, ng'ombe wakasimama wenyewe. Palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi, na udongo wa pembeni ulikuwa mweupe kama umemwagiwa unga. Ng'ombe walikunywa, wakalamba ule udongo, wakagoma kuondoka. Luhende akamwambia mkewe, "Hawa wamechagua. Tujenge."

Kwa kunywa binadamu walichimba kisima karibu na nyumba. Ile chemchemi ilikuwa mbali, kwenda na kurudi asubuhi nzima, lakini ng'ombe walipelekwa huko kila baada ya siku chache, na baada ya miaka miwili zizi lilikuwa limejaa, ngozi zinang'aa. Ng'ombe akidhoofika hata kushindwa kutembea, Hana alikwenda kumtekea maji hayo kwa ndoo na kumletea mpaka zizini, na mara nyingi mnyama aliinuka. Kwa hiyo kwa Luhende kulikuwa na maji ya aina mbili duniani: ya kisimani, ya kupikia na kuoga, na ya chemchemi, yenye nguvu, ya kumpa kitu unachokipenda. Sikulijua hilo mpaka nilipokuwa nimeshachelewa.

Mwaka wa kwanza wa kujenga pale hawakuwa na mtu wa kuwatembelea. Mwaka wa pili alizaliwa Monika. Mungu aliwapa hao wawili tu, mabinti, na Luhende hakutaka kusikia mtu akimpa pole kwa hilo. Mtu aliwahi kumwambia kilabuni kwamba hana mrithi wa ng'ombe, akainuka, akaiacha pombe yake nusu, akaondoka na hakurudi kwenye kilabu kile.

Mwaka tisini na tano Elizabeti alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Alikuwa amerudi kwao kujifungua, kama mama yake alivyotaka. Mkunga wa kijijini alihangaika naye siku nzima, kisha akasema apelekwe hospitali mjini. Luhende akafunga maksai wanne kwenye mkokoteni, wakamlaza Elizabeti juu ya majani na blanketi, wakaondoka. Barabara ile unaijua kama umewahi kuipita: mizizi, mashimo, makorongo. Kila gurudumu likidondoka kwenye shimo binti alirushwa, na kila akirushwa alipiga kelele, na Luhende, aliyeshika fimbo ya maksai, alizisikia kelele hizo zote moja moja. Kabla ya kufika nusu ya njia zikanyamaza.

Hana ndiye aliyenisimulia haya. Luhende mwenyewe aliniambia neno moja tu kuhusu siku ile: "Alirushwa sana."

Baada ya matanga aliwauza maksai wote wanne. Ndugu zake walimkataza, maana shamba lingelimwa na nini? Mkokoteni nao aliupasua kuni. Kisha akatangaza kwamba Monika, siku yake ikifika, hatapanda mkokoteni wala baiskeli. Atakwenda hospitali amelala, kwenye gari, na gari litakuwa la baba yake.

Watu walicheka. Magari ya wilaya nzima miaka ile ungeweza kuyahesabu umekaa kibarazani: ya serikali, ya misheni, malori ya tumbaku, na machache ya wafanyabiashara. Msukuma wa porini na gari wapi na wapi! Lakini Luhende akapakia ng'ombe wake kwenye mabehewa hapa stesheni, akasafiri nao mpaka mnada wa Pugu, akawauza huko, akaingia Dar es Salaam na shuka lake begani kutafuta gari.

Mambo ya huko alinihadithia mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Alikwenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika Japani. Wauzaji wakamwona mtu wa bara, wakampeleka moja kwa moja kwenye Landrova. Akasema hapana, ile ya misheni aliwahi kupanda nyuma, inarusha. Wakamwonyesha magari madogo ya chini, akasema hayo yataishia korongo la kwanza. Ndipo akaona gari la rangi ya majivu, RAV4, milango mitano. Miaka hiyo gari la namna ile lilikuwa geni kwetu, limeinuka kama gari la porini lakini ndani limetulia kama teksi, na magurudumu yote manne yanavuta. Hakuuliza injini ina ukubwa gani wala limetembea kiasi gani. Alifungua mlango wa nyuma, akavua kandambili, akalala chali kwenye kiti, akakunja magoti. Akamwambia muuzaji, "Endesha, upite kwenye mashimo." Muuzaji akacheka mpaka akaegemea ukuta. Luhende hakuinuka. Ikabidi waendeshe, wakazunguka nyuma ya maghala ambako barabara ni mbovu, mzee amelala kule nyuma amefumba macho. Waliporudi aliinuka, akasema, "Hili."

Gari lilifika Mpanda kwa treni mwezi wa sita mwaka tisini na nane, limefungwa kamba juu ya behewa la wazi. Nusu ya mji ilikuwa stesheni. Nilikuwepo, nikiwa nimekunja mikono, nikisubiri kumwambia ameibiwa. Nikalikagua dakika arobaini. Chesesi nzima, injini safi, hakuna pahali limeliwa na kutu. Nikamwambia ukweli, "Mzee, hujaibiwa. Umenunua gari zuri kuliko ambalo mimi ningekununulia."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Basi wewe ndiye daktari wake."

Nilimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, mzee wa zaidi ya miaka hamsini, akiisemesha klachi Kisukuma kama anamtuliza ng'ombe anayekamuliwa. Gari alilipa jina, Mtamba, kwa sababu alisema bado halijazaa. Monika alikuja naye kila mara. Alikuwa binti mcheshi, mrefu, mwenye mwanya, na alishika majina ya vifaa upesi kuliko baba yake. Nikimwambia mzee aniletee spana namba kumi na nne, yeye alikuwa ameshaniletea. Kitabu cha gari kilikuwa kimeandikwa Kijapani. Luhende alikitunza kwenye nailoni pamoja na kadi za kliniki, akasema atakayeweza kukisoma atampa ndama. Monika alikuwa anakifungua anakisoma kwa sauti maneno ya kubuni, tunacheka mpaka machozi.

Sasa sikiliza kosa langu, maana nami ninalo. Siku ya kwanza ile nilikuta paipu moja ya rejeta imechanika kidogo kwa safari ya treni. Nikaibadilisha, na yale maji ya kijani ambayo gari lilitoka nayo Japani nikayamwaga. Ni dawa ile, inalinda chuma, lakini Mpanda wakati ule dukani haikuwepo na sisi mafundi tulikuwa tunasema maji ni maji. Nikamwambia Luhende, "Kila asubuhi, kabla hujawasha, fungua hapa. Maji yafike shingoni. Siku ukisahau, injini itaungua." Nilimwambia na kumrudia, nikampigia mfano wa ng'ombe wa kiangazi. Sikumwambia maji gani. Yeye naye hakuuliza, kwa sababu kwake jambo hilo lilikuwa wazi.

Sijaona mtu anayetunza gari kama yule mzee. Kila baada ya Jumamosi moja alikuwa mbele ya banda langu, "Mwadila, fundi," ananisalimu Kisukuma, kofia mkononi. Oili nilimbadilishia kabla ya muda, filta ya hewa aliipuliza mwenyewe kila jioni kwa sababu ya vumbi, plagi alinilazimisha nizitoe nimwonyeshe zilivyo. Petroli aliichuja kwa kitambaa cha kanga. Hakubeba mahindi, hakubeba tumbaku, hakubeba mbuzi. Kiti cha nyuma Hana alikitandika kitenge kipya na hakikukaliwa na mtu. Jirani aliwahi kuja kuomba gari libebe maiti ya kaka yake kutoka mjini. Luhende akakataa, akasema gari lile ni la kumpeleka mtu hospitali akiwa hai na kumrudisha akiwa hai. Ikamletea chuki pale kijijini. Na mimi nilimgombeza, nikamwambia, "Mzee, gari linatunzwa ili litumike, siyo liwe bibi harusi." Akatabasamu, akasema, "Siku yake inakuja."

Kwenye buti palikuwa na dumu la maji la lita ishirini, siku zote limejaa. Nilidhani ni ya kunywa. Kwenye maungio ya paipu, kuanzia mwanzoni mwa mwaka tisini na tisa, niliona unga mweupe. Nikaufuta na kitambaa. Niliufuta mara tatu, Jumamosi tatu tofauti, na kila mara nilikuwa nikipiga soga na Monika, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameolewa Inyonga na ana mimba, lakini akija kuwasalimu wazazi hakukosa kufika gerejini. Mfuniko wa rejeta lake sikuwahi kuugusa. Nilikuwa nikijisemea, wateja wangu wote wangekuwa kama mzee huyu, maji yake yako shingoni daima, mimi nihangaike na nini? Fundi mzima, nilikiona kifo cha gari kwa macho yangu nikakifuta na tambara.

Monika alirudi kwao mwezi wa saba kusubiri siku zake. Mwezi wa nane, Jumanne, uchungu ukamwanza alfajiri. Safari hii hawakuita mkunga wa kijiji wala hawakusubiri. Luhende alifungua boneti, akajaza maji mpaka shingoni kama nilivyomfundisha, akawasha, gari likaitika mara moja. Wakamlaza Monika kwenye kile kitenge, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, wakaondoka jua linachomoza. Hana anasema mwendo ulikuwa mzuri. Monika aliwahi kucheka njiani, akasema, "Baba, kweli halirushi."

Kwenye mpando wa kutoka korongo la pili mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Luhende akasimama, akafungua mfuniko wa rejeta kwa mikono mitupu, maji ya moto yakamrukia. Akachukua dumu kwenye buti akamimina. Yakaingia yote, yakatokea chini, mengine kwenye ekzosti. Akawasha, injini ikagonga, ikazima. Akawasha tena. Mara ya tatu haikujibu kitu.

Hapakuwa na gari jingine barabara ile. Hata maksai wa kukimbilia nyumbani hawakuwepo, alikuwa amewauza kwa uchungu. Baada ya muda mrefu akatokea mkulima mmoja wa tumbaku, Japhet, na baiskeli. Walijaribu kumkalisha Monika kwenye keria, akashindwa, damu ilikuwa imeanza. Wakamrudisha kwenye kiti. Japhet akakanyaga baiskeli peke yake mpaka kwangu.

"Fundi," aliniambia, shati limelowa lote, "gari la mzee Luhende limekufa pale korongoni. Ndani yuko binti yake anajifungua. Twende, tunachelewa."

Niliruka kwenye pikapu bila hata kufunga banda. Sijui niliendeshaje. Nilipofika, milango yote ya lile gari ilikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Hana alikuwa amekaa nyuma, kichwa cha Monika bado kiko mapajani mwake, anakifunika na ncha ya kanga kuzuia nzi. Mtoto hakuzaliwa. Luhende alikuwa amekaa mbele kwenye usukani, mikono imebabuka ngozi, anaangalia barabara kama anaendesha. Nikamwita mara mbili.

Akageuka akaniangalia, akasema, "Alikuwa amelala vizuri, fundi. Hakurushwa hata mara moja."

Nikaenda nyuma ya gari ili asinione. Nililia kule nyuma kama mtoto, nimeshika tairi ya akiba.

Tulimzika Monika pembeni ya dada yake. Siku ya pili yake nililivuta gari mpaka gereji, na usiku na mchana nikawa nalifungua. Sikuwa nimetumwa. Nilitaka kujua. Nikatoa hedi, kile kichwa cha injini. Ndani ya mifereji ya maji palikuwa pameganda ukoko mweupe, mgumu, hata bisibisi haikupenya. Pampu ya maji ilikuwa imebaki nusu. Na aluminiamu ya hedi, kati ya silinda ya pili na ya tatu, ilikuwa imeliwa kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi, ukibonyeza na kucha inameguka. Gari lenyewe halikuwa na kosa lolote. Nikakumbuka dumu. Nikaenda kwenye buti, nikageuza mdomo wake, nikapata tone moja kwenye kidole nikalamba.

Chumvi. Chumvi na magadi, kali kabisa.

Nilikaa kwenye ukingo wa lile shimo la gereji mpaka makalio yakafa ganzi. Nilihesabu. Miezi kumi na minne, kila asubuhi. Nikakumbuka Hana aliwahi kupita gerejini akilalamika shingo, nikamtania kwamba kazi za nyumbani zinamzidi umri. Alikuwa anatoka kuteka maji ya gari. Kila wiki mama yule alitembea asubuhi nzima na dumu la lita ishirini kichwani, akakipita kisima cha nyumbani kilichojaa maji matamu, ili gari la kumwokoa mwanawe lipate yaliyo bora.

Siku ya tisa Luhende alikuja. Hana alikuwa naye, kichwa amenyoa. Mikono ya mzee ilikuwa imefungwa bandeji. Vipande vya injini nilikuwa nimevifunika na turubai. Nilimpa kiti, akakataa.

"Fundi," akasema, "wewe husemi uongo. Watu wote wa Mpanda wanajua. Nimekuja uniambie. Nilikosea wapi?"

Nikaangalia chini. Hana akadakia, sauti imekauka, "Maji yalikuwepo. Mimi mwenyewe nilishika taa, nikaona. Yalikuwa shingoni."

"Yalikuwepo, mama Elizabeti," nikasema.

"Na yalikuwa mazuri," akasema. "Niliyateka Jumamosi. Siyo ya kisimani. Ya chemchemi."

Aliniangalia akingoja. Mungu wangu. Nilikuwa na ukweli wote mkononi, umefunikwa na turubai hatua tatu kutoka pale. Nilichotakiwa ni kufunua tu. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kumwonea huruma mtu, ulikuwa umeshafunguka. Nikawaza, nikisema, yule mama atarudi nyumbani na nini? Kila akiona dumu, kila akishika shingo yake, mpaka anakufa.

Nikasema, "Kosa ni langu, mzee. Paipu ya rejeta niliyoibadilisha, klipu yake sikuikaza. Ikafyatuka njiani. Maji yakamwagika yote mkiwa mnatembea, ndiyo maana ulipoongeza hayakukaa. Nyie hamkukosea kitu. Ni mkono wangu."

Nilitamani Luhende anipige. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyemkuta fisi zizini, kumbe fisi huyo ni mbwa wake. Kisha akauliza, "Klipu?"

"Klipu, mzee."

"Inakazwa na nini?"

"Na bisibisi."

Akatikisa kichwa polepole. Akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Gari aliliacha pale pale, hakutaka kuligusa wala kulizungumzia. Habari zikaenea, na zilistahili kuenea. Wasukuma wakaacha kuleta magari na trekta zao kwangu. Mwenye lori moja alinitemea mate kwenye viatu. Mke wangu aliniuliza mara moja kitandani kama ni kweli kuhusu klipu, nikamwambia ni kweli, akanigeuzia mgongo. Uongo ukishautoa inabidi uulishe na nyumbani kwako.

Mwezi wa kumi na mbili, mwaka unakwisha, watu mjini wanazungumzia mwaka elfu mbili tu, nilikuwa nafunga breki za pikapu yangu nikasikia hodi. Hana. Alikuwa ameshushwa na lori la tumbaku pale barabarani. Amekonda, kanga mbili kiunoni, na kichwani ana dumu la lita ishirini.

Nikamtua. Lilikuwa zito. Nikamtafutia kiti, akakaa, akanywa maji yangu ya kikombe taratibu mpaka yakaisha.

"Mzee amekaa amefikiri," akasema. "Anasema klipu ni kitu kidogo na mkono ni wa binadamu. Yeye mwenyewe aliwahi kusahau kufunga zizi, chui akaingia. Anasema hana neno na wewe, fundi. Usiku yeye alale, na wewe ulale."

Nilikuwa nafuta mikono kwenye ovaroli ingawa ilishakauka.

"Na amekutumia haya," akasema, akiligusa dumu. "Ya chemchemi. Anasema uwatilie wateja wako. Hapa mjini mnatumia maji ya bomba, hayana nguvu. Gari la mwenzetu lisije likamfia mtoto njiani. Nimeteka mwenyewe jana."

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama Elizabeti. Mwambie mzee nashukuru sana."

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Aliangalia pikapu yangu, boneti iko wazi, akasema kwa sauti ya chini, kama anaomba kitu kikubwa, "Tia kidogo nione."

Nikafungua rejeta. Nikachukua faneli, nikamimina yale maji taratibu, nisimwage hata tone, mpaka yakafika shingoni. Hana aliinuka akasogea, akachungulia ndani, mikono nyuma, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Akatikisa kichwa kuridhika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane kuona uso wake umelegea.

"Sasa hata ukienda mbali utafika," akasema.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamtafutia lori la kumrudisha, nikasimama mpaka vumbi likatulia. Kisha nikarudi, nikalala chini ya pikapu, nikafungua koki ya rejeta. Maji yakatoka, yakapita karibu na sikio langu, yakaingia ardhini. Nilibaki nimelala pale chini mpaka tone la mwisho. Nikasuuza mara tatu na maji ya bomba.

Mwezi uliofuata Hana akarudi na dumu jingine, akasimama pembeni ya pikapu, akangoja nifungue boneti.